Siku Saba Bila Kubeba Mutoto

Jumatatu, 11 Machi

Ndege imechelewa tena. Bega linauma, kisanduku cha dawa kizito. Mi mutoto wa hapa, mutaa wa Buyenzi, lakini kazi iko Nairobi. Kila miezi mitatu nakuja, natibu wagonjwa watatu, narudi.

Wa mwisho leo: Mama Divine wa Kinama, muuza ndagala, samaki wadogo wa ziwa. Rovu shingoni, macho yametoka, moyo unakimbia. Amemeza kidonge cha iode. Nikamupa karatasi ya sheria: hii dawa inatoa mionzi mwilini, siku saba usibebe mutoto, kaa naye mbali mita mbili. Divine ana mwaka moja na nusu. Mama akacheka: "Na mugongo yangu itabeba nini, docta?"

Sikucheka. Mwaka jana mama mwingine alinidanganya, akabeba wake. Nikapiga meza: ata dakika moja, apana!

Jumatano, 13 Machi

Bunduki tangu asubuhi, upande wa Kinama. Watu wanaingia mujini kwa miguu, godoro kichwani, watoto mugongoni. Mi ku dirisha, nawaza ndege yangu tu. Aibu.

Alhamisi, 14 Machi

Mama Divine ku geti ya kliniki. Peke yake.

Walipokimbia, hakumufunga mutoto mugongoni. Alimupa binti wa jirani, yeye akafuata nyuma. Mita mbili. Barabarani watu wakasukumana. Hajawaona tena.

"Nilishika sheria yako, docta." Basi. Afadhali angenitukana.

Ijumaa, 15 Machi

Nimepiga hesabu. Masaa mawili mugongoni: hatari karibu hakuna. Nilijua tangu Jumatatu! Sikusema, niliogopa nikilegeza atamubeba kila siku. Mujinga mimi. Majuto ni mujukuu.

Jumamosi, 16 Machi

Tumezunguka naye: parokia mbili, shule, musikiti. Watoto wengi. Divine apana.

Kila penye mutoto, Mama Divine anasimama mbali. Nikamwambia aache sasa. Akasema siku hazijaisha.

Jumatatu, 18 Machi

Ndege saa nane. Nimeandika upya karatasi ya sheria. Mustari wa kwanza: Vita ikianza, beba mutoto wako.

Saa tatu Mama Divine akaja kupimwa. Nikaweka mashine shingoni kwake. Mionzi imepungua, vizuri. Akauliza kama sasa anaweza kumubeba.

Nikasema ndiyo, Mama Divine, unaweza.

Akatoa kitenge cha kubebea mutoto ndani ya kikapu, akajifunga begani, akaenda parokia kuuliza tena.