Picha ya Mzee Asimame

Jumatatu, 7 Julai

Bado inatembea. Nimeskroli tangu asubuhi mpaka kidole kinauma. Maandishi yanapanda, picha ya nyuma inapanda nayo. Kwenye laptopu yangu imetulia tuli. Kwenye simu, yangu na ya Chebet mteja wangu, inahama. Na amri ya kuisimamisha ni kijimstari kimoja tu. Upuuzi.

Ukurasa huu wa mtandao ninaoujenga ni wa kumuaga baba yake Chebet, mzee wa kule Soy. Maziko ni Jumamosi. Watoto na wajukuu walio ng'ambo hawataweza kufika, watamwona humo. Mama Chebet alikuja ofisini wiki jana, akajifunga shali vizuri, akasema jambo moja: "Mimi nataka picha ya Mzee asimame."

Nikacheka kimoyomoyo. Sisi watu wa bara na ngeli zetu. Isimame, Mama. Picha isimame, maneno yapite juu yake. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Mdomo wangu huu utaniponza.

Jumanne, 8 Julai

Mvua. Stima imepotea, ikarudi, ikapotea tena. Nimeiacha ile amri. Nimetengeneza kisanduku cha picha peke yake na kukibandika nyuma ya kila kitu. Sasa hata kwenye laptopu inatembea. Nimeharibu mpaka kilichokuwa kizima.

Mtandaoni kila mtu ana dawa yake, na wote wanatukanana. Nimejaribu zote.

Jumatano, 9 Julai

Nimemfokea jirani wa meza kwa kutafuna karanga. Naichukia hii picha. Mzee amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu, blanketi magotini, ananitazama. Kila mkunjo wa blanketi naujua. Na bado anapanda juu na kupotea.

Alhamisi, 10 Julai

Mama Chebet amekuja na binti yake. Nilirudisha amri ya kwanza nikawaonyesha kwenye laptopu, maana huko inakubali. Nikaskroli taratibu, kwa madaha. Picha haikusogea hata kidogo. Nikangoja sifa.

Mama akatazama sana. "Lakini bado amekaa."

Nikaanza kueleza habari za skrini. Chebet akaelewa kabla yangu, akashika mdomo. Ile picha alinitumia yeye, ndiyo aliyokuwa nayo kwenye simu. Mama akasema polepole, kama anayemfundisha mtoto. Tangu Mzee apigwe na kiharusi, wale wa ng'ambo wamemwona kwenye kiti tu, kwa video. Wajukuu hawamjui vingine. "Sitaki waage mtu wa kiti. Nataka asimame, vile mimi nilimjua."

Asimame. A, si i. Alisema sawasawa, mimi ndiye niliyemsahihisha. Siku zote hizi napigana na simu, kumbe hakuna aliyeniomba. Nilitaka sakafu ipasuke inimeze.

Ijumaa, 11 Julai

Chebet ameleta picha iliyokuwa ukutani sebuleni. Tumeitoa kwenye kioo, nikaipiga upya dirishani. Mzee amesimama ukingoni mwa shamba la mahindi, gambuti miguuni, kofia mkononi. Mtu mrefu kweli. Anaijaza simu kutoka juu hadi chini.

Kwenye simu ya Chebet picha bado inahama. Nimempigia Mama kumwambia ukweli: ukiskroli, Mzee anatembea. Kisha akasema, "Wacha atembee."

Sikuweza kufanya kazi nyingine baada ya hapo.

Jumapili, 13 Julai

Nimetoka kanisani, nikafua, nikaketi na chai. Bila hata kutafuta nimeliona kosa. Kile kisanduku cha picha cha Jumanne kilikuwa ndani ya kingine nilichokipa madoido ya kuingia taratibu, na hayo madoido ndiyo yaliyokuwa yakikivuta. Nimekirudisha kwenye nakala yangu, nje ya hicho kingine. Picha imesimama, hata kwenye simu. Sikupiga kelele ya ushindi.

Ukurasa wenyewe sijaugusa. Umejaa salamu za jana. Mjukuu mmoja wa ng'ambo ameandika kwamba hakujua Babu alikuwa mrefu hivyo. Chebet amemjibu kuwa milango yote ya nyumba ile ya Soy ilijengwa kwa kipimo chake.

Nimesoma mpaka chai ikapoa.