Nilimsema Mama Ngonyani, Kosa Lilikuwa Langu

Ijumaa. Baridi ya Juni, manyunyu tangu asubuhi, milima ya Matogoro haionekani kwa ukungu. Naandika hapa kwenye kafe ya intaneti, Majengo, na nina aibu hata ya kutazama watu.

Programu ya kuchapa majina ya watoto wa kipaimara pale parokiani niliiandika mimi, kwa lugha ya C, na nilijisifu nayo kweli kweli. Unaandika jina la programu, halafu -k na jina la kigango, yaani tawi la parokia, inakutolea watoto wa kigango hicho. Kwangu ilifanya kazi. Mama Ngonyani, karani wetu, akiomba Ruhuwiko inatoka Majengo. Akiomba Matogoro, Majengo tena.

Jumamosi iliyopita, makatekista wamekaa wanangoja karatasi zao, nikamwambia: "Mama, hii si taipureta. Kama hujui, uliza."

Mtu wa umri wa mama yangu! Watu wakacheka. Yeye akaifunika kompyuta kwa kitambaa, akarudi kwenye taipureta yake, na wiki nzima hakuigusa tena.

Leo nimemwomba aandike mara moja tu, nikiangalia. Jamani. Baada ya -k anaacha nafasi, kama alivyofundishwa chuo cha uchapaji. Mimi kwa uvivu wangu huwa nabananisha: -kRuhuwiko. Na kwenye programu, baada ya herufi k, niliweka nukta pacha mara mbili badala ya mara moja. Ikiwa moja, neno linalofuata linachukuliwa, liwe limebanana au limeachana. Zikiwa mbili, linachukuliwa lililobanana tu. La Mama likaachwa, programu ikashika kigango nilichokiweka cha akiba pasipotajwa kingine, Majengo.

Yeye alikuwa sahihi siku zote.

Kurekebisha hakukuchukua hata dakika, lakini Mama alishaifunika tena kompyuta na kurudi kwenye taipureta. Nikamwambia, "Shikamoo mama. Naomba unisamehe, kosa lilikuwa langu."

"Marahaba," akajibu, vidole bado viko kwenye taipureta. Kisha akasema, "Lakini mwanangu, hukunisema tukiwa wawili. Makatekista wanakutana kesho."

Nikaitikia, "Ndiyo, mama," huku moyoni naomba mvua kubwa inyeshe wasije. Ona nilivyo mwoga! Kumsema mbele za watu sikuhitaji kusukumwa.

Kesho saa tatu nitasimama pale pale niliposimama, niyaseme haya yote kwa sauti ile ile. Halafu nitakitoa kile kitambaa na kumvutia Mama kiti.