Diski Imeondoka na Sauti Yako Peke Yake

Kitaji, Musoma

Mwanangu Masatu,

Mimi huku ni mzima, na naomba karatasi hii iwakute wewe na mwenzako Rehema mmeamka vizuri. Baba yako mguu unaendeleaje? Mwambie ile dawa ya kuchua asiiweke dirishani, inaharibikaga na jua. Na bibi yako anakula? Rehema aliniambia siku hizi anachaguachagua. Mpeni uji wa ulezi mwembamba. Akisema hataki, msibishane naye, mwachieni kikombe karibu, atakunywa mkiwa hamwangalii. Na wewe kifua. Huko kwenye kinu cha pamba unafunga kitambaa puani, au bado unaona ni mambo ya wanawake? Nauliza kwa sababu nakujua.

Biashara inaenda hivyo hivyo. Dagaa wa wiki hii walinyeshewa wakiwa wametandazwa, wakabadilika rangi, nikawauza kwa watu wa chakula cha kuku. Pale sokoni Mwigobero panakuwaga hivyo, leo unauza mpaka unasahau kula, kesho unakaa unaangalia mitumbwi ya watu. Chumba ni kile kile. Mwenye nyumba ameziba bati, sasa inavuja kwa jirani.

Sasa habari yenyewe. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ukisikia neno kwaya unasemaga mtandao unasumbua. Mwandiko wangu unaujua, soma polepole, na usome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Diski ya studio imekufa. Ile iliyo ndani ya kompyuta ya Deo, yule prodyuza tuliyerekodi kwake, ndiyo ilikuwa na nyimbo zote za kwaya, na zile ulizoongoza wewe kabla hujarudi nyumbani Bunda kuoa. Unakumbuka chumba chake kimepakana na mashine ya kusaga. Mashine ikiwashwa, ukuta unatetemeka, meza inatetemeka, na kompyuta iko juu ya meza. Wewe mwenyewe ulikuwa unamwambia, Deo, sogeza hii meza. Akawa anasema akisogeza sauti itaharibika. Basi siku moja umeme ukakatika ukarudi, ukakatika ukarudi, mashine ikiwa inasaga, na kompyuta ilipowaka ikasema haioni kitu. Deo anasema diski ilikuwa inalia tik, tik, kama kuku anadonoa bati.

Hakutuambia. Tukimpigia kuuliza albamu itatoka lini anasema inapikwa. Mama Sara akachoka, akachukua simu akamwambia, "Deo, hata maharage ya gerezani yangekuwa yameshaiva." Hapo ndipo akasema ukweli.

Mzee Mafuru kama mwenyekiti akatuita. Wengine walitaka Deo apelekwe polisi. Mzee akawauliza, "Polisi wataifungua diski kwa kitu gani, kwa pingu?" Tukakubaliana itafutwe fundi. Nikachaguliwa mimi na mama Sara tufuatane na Deo, maana wanaume wa kwaya hii ukiwatuma wanarudi na maelezo mengi na kitu chenyewe hawana.

Fundi ni mwanamke wa makamo, ana kiduka chake karibu na stendi, haongei sana. Aliichukua diski, akaigeuza, akainusa. Akasema, "Hii inanuka sato."

Deo akaangalia chini. Kumbe alisikia kwa watu kwamba diski iliyokufa ukiigandisha kwenye friza inafufuka kidogo. Yeye friza hana. Akaifunga kwenye mfuko wa nailoni akaipeleka kwa rafiki yake pale Mwigobero, ikalala katikati ya samaki. Inawezekana mimi mwenyewe nilichukua samaki kwenye friza hilo na sauti zetu ziko chini yake. Fundi akasema kuigandisha hakukusaidia, maji yakiingia ndani ndiyo inazidi. Hakumgombeza, alisema tu akaendelea na kazi.

Alitueleza vizuri, hata mimi nilielewa. Ndani ya diski ya namna hiyo kuna sahani inazunguka, na juu yake kuna kitu kama sindano kinachosoma bila kuigusa. Ikitikiswa sana, sindano inaigusa sahani, inaikwaruza, na palipokwaruzwa ndipo maneno yanapotea. Akasema kuna watu Dar es Salaam wanaifungua kwenye chumba kisichoingia vumbi, lakini ni ghali na hawaahidi. Yeye anaweza kujaribu kuvuta polepole kile ambacho bado kinasomeka. Tukamwambia avute.

Kuhusu diski nyingine, hiyo Deo atanunua mwenyewe, hilo hakubisha. Alikuwa hajui achukue ipi. Kuna kubwa ya kuzunguka kama ile ya kwanza, na kuna ndogo isiyo na sahani wala sindano, hiyo hata mashine ikisaga haijali sana. Mzee Mafuru alipoulizwa akasema, "Achukue isiyozunguka. Alivyotuzungusha yeye inatosha." Fundi akamwambia Deo hata akinunua hiyo, kila kazi aiweke mahali pawili, na mahali pamojawapo pasiwe kwake. Deo akaitikia kama mtoto wa shule.

Baada ya siku kadhaa tukaitwa. Fundi akasema vitu vingi vimetoka. Sauti za kina mama zimetoka, za wanaume zimetoka, kinanda kimetoka, ngoma imetoka. Vilivyorekodiwa siku za mwisho ndivyo vilikaa mahali palipokwaruzwa. Na wa mwisho kuingia studio ulikuwa wewe.

Akatuwekea wimbo wa Yona tusikilize. Wewe unajua jinsi ulivyo, mwenye kuongoza anauliza, kwaya inajibu. Yona uko wapi, niko chini ya maji. Nani amekuleta, miguu yangu mwenyewe. Sasa hapo dukani kinanda kikapiga, halafu kimya, halafu sisi wote tukajibu niko chini ya maji. Kimya tena. Miguu yangu mwenyewe. Mteja mmoja aliyekuja kununua chaja akauliza, hawa wanajibizana na nani? Mama Sara alitoka nje. Mimi nilikaa mpaka wimbo ukaisha, kwa sababu nilitaka kujua kama kuna hata sehemu moja umebaki. Hakuna.

Basi kukawa na kazi ya kutafuta mtu wa kuweka pale. Kwa kompyuta ya kuazima walimjaribu Elia, yule fundi cherehani wa pale kwetu Kitaji. Ana sauti nzuri, na ni mpole, sitamsema vibaya. Aliimba bila kukosea. Deo akasema imekaa sawa, na ni kweli imekaa sawa, mtu ambaye hakukusikia wewe hatajua. Elia alipotoka kwenye kile chumba akaniambia, "Mama, nimevaa suruali ya mtu. Imenitosha, lakini naiona ni ya mtu." Nikamwambia umeimba vizuri mwanangu, nenda nyumbani.

Mzee Mafuru akaitisha kikao kingine, akaniambia mbele ya watu, "Mama Masatu, mwambie kijana aje studio siku diski mpya ikifungwa. Nauli kwaya itatoa."

Nikamwambia, "Mwenyekiti, kijana ana simu. Mpigie."

"Hapokei."

"Basi jibu unalo."

Baba mmoja wa upande wa besi akasema wewe ndiye uliyehama kanisa, hakuna aliyekufukuza. Mama Sara akamrukia, "Alioa. Mtu akienda kufunga ndoa kanisani kwa kina bibi harusi, na akabaki kusali na mke wake, amefanya kosa gani? Wewe mke wako ulimtoa wapi, kwenye besi?" Watu wakacheka, ila yeye hakucheka. Akaendelea, "Hamkumwimbia harusi yake, leo mnataka yeye awaimbie."

Hilo kila mtu analijua. Mimi siku ya harusi nilikaa na ukoo, nikawa naangalia yale mabenchi ambayo Rehema aliyatandikia vitambaa kwa ajili ya kwaya yetu. Yalikaa wazi mpaka watoto wakayakalia. Walisema wameitwa kuimba Butiama. Ni kweli waliitwa Butiama. Ni kweli pia kwamba waliimba asubuhi, na mchana walikuwa wamesharudi Musoma wanaanua nguo. Hilo sikukwambia wakati ule kwa sababu lisingekusaidia kitu. Sasa nakwambia ili usiendelee kudhani mimi silijui.

Nikasimama. Mimi kwenye vikao sisemagi sana, unajua. Nikasema, kwaya hii mtu wetu akioa tunamwendea mlangoni, tunamwimbia bibi harusi, tunampelekea kanga na sufuria. Hata yule aliyeoa mara ya pili tulimwendea, na huyo alikuwa haji mazoezini. Kwa Masatu hatujafika. Mkitaka kwenda, twende nyumbani kwao Kabasa, kule Bunda, kwa ajili ya Rehema, tumwimbie kama tunavyowaimbia wengine. Na habari ya studio isitajwe pale, wala diski, wala Yona. Atakayetaja, mimi nitakuwa wa kwanza kuondoka.

Mzee Mafuru akaniuliza, "Na wasipotufungulia?"

"Tutaimba nje, tutarudi."

"Na ile sauti?"

"Sauti mnayo, ya Elia."

Elia akasema kutoka nyuma, "Mimi sufuria nitaibeba."

Walibishana tena, wengine wakisema kwaya inajishusha. Mwisho Mzee akasema yeye binafsi anakwenda, na atakayebaki abaki. Nadhani wengi watakuja. Kanga nimeshaichagua mimi, ni ya bluu, Rehema hapendi rangi za kupiga kelele.

Ndiyo maana nakuandikia. Nilisema habari ya studio isitajwe kwako, na mimi ndiye ninaitaja, lakini sikutaka mje mkae mnaimbiwa halafu baadaye usikie habari ya diski kwa mtu, useme mama na wenzake walinijia kwa hila. Ujue kila kitu kwanza. Wanaona aibu, na wanaihitaji sauti yako, vyote viwili, na mimi siwezi kukutenganishia kipi ni kikubwa. Labda na wao hawajui.

Tumepanga Jumapili ijayo baada ya ibada. Barua hii anakuletea baba Sara, yule mume wa mama Sara, anapeleka dagaa Bunda. Atalala huko, kesho yake atapita tena kwako kabla ya kurudi. Kama hutaki tuje, mwambie neno hapana tu, usimweleze mengi, naye hataniuliza. Nitawaambia wenzangu safari haipo na sababu nitaifanya kuwa yangu. Wataninunia wiki moja, watanizoea.

Lakini muulize Rehema kwanza. Umuulize mkiwa mmekaa, usimuulize ukiwa umesimama mlangoni unawahi zamu. Ni yeye aliyetandika vile vitambaa. Akisema wasije, basi, mimi mkwe wangu sitamdai sababu. Akisema waje, mwambie asipike. Watu wataimba, watampa vitu vyake, wataondoka. Kula kwake watakula siku atakayowaita yeye.

Kuhusu wewe kuimba, sikuombi. Deo ameshaagiza diski, akiifunga atasubiri kidogo, halafu Elia ataingia. Ukija kabla, Elia mwenyewe amesema atakupisha. Usipokuja, albamu itatoka na sauti yake, na mimi sehemu yangu nitaiacha kama ilivyo, siwezi kuiondoa. Ila nitakuwa najua ninamjibu mtu mwingine.

Msalimie baba yako, mwambie mwisho wa mwezi nakuja kukaa siku za kutosha, asimuuzie mtu yule mbuzi mwekundu. Msalimie bibi yako, umsomee kipande cha uji tu, mengine yatamfanya asilale. Shangazi yako wa dukani mwambie ule mfuko wake wa dagaa anao baba Sara, amletee chombo. Rehema mpe barua aisome yote kwa macho yake, usimsimulie.

Uvae kitambaa kazini.

Ni mimi mama yako,
Mama Masatu