Kiapo cha Alphonse Mbele ya Msumeno

Bagira, Bukavu, tarehe 14 Januari 1979

Kwako yaya Philémon, kaka yangu mkubwa na mwana wa kwanza wa Papa wetu,

Nakusalimu sana, wewe, shemeji Noëlla na watoto wote huko Lubumbashi. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mguu wako ulioumia kazini umepona. Huku Mama hajambo, ila macho yanampa shida. Rozari yake anaisali kwa kupapasa. Mimi naendelea na kazi ya garaji. Kwenye karatasi za serikali sasa naitwa Bulonza, lakini kwako nabaki Adalbert. Alphonse naye alibadilishwa jina kama sisi sote serikali ilipokataza majina ya Kizungu, ila mimi namwita Alphonse, maana nilianza kumchukia kwa jina hilo.

Habari kubwa ni kwamba mashine ya Papa ya kupasulia mbao inanguruma tena. Ni ile ile ya magurudumu mawili, iliyolala nyuma ya nyumba miaka kumi chini ya turubai, kuku wakitaga mayai humo. Tangu Juni nimeishughulikia kila Jumapili baada ya Misa. Pistoni ilikuwa imekwama, nikailowesha kwa mafuta ya taa wiki nzima. Vyuma vingine nilivitoa kwenye lori bovu kule Kamanyola, na mkanda ulishonwa na fundi viatu wa Kadutu. Meno ya msumeno niliyanoa moja moja kwa tupa mpaka vidole vikatoa damu. Majirani walisema mwenye akili angeuza vyuma hivyo. Hawakujua, wala mimi sikujua bado, kwamba nilikuwa namwandalia Alphonse.

Ulikuwa umeshaondoka kesi ya kilima ilipoamuliwa, kwa hiyo uliisikia kwa barua tu. Mimi niliisikia kwa masikio yangu. Papa alipanda mikaratusi yake kule Walungu akisema ardhi ni yake kwa kalinzi, yaani chefu amepewa ng'ombe, na kilima ni cha mtoaji na watoto wake. Chefu yule akafa. Mwanawe aliyemrithi akadai ng'ombe hakutolewa, kwamba Papa ni mwazimaji tu, na mwazimaji hulima maharagwe, hapandi miti. Shahidi alikuwa mmoja, Alphonse, msaidizi wa Papa kwenye mashine, kwa sababu ndiye aliyeshika kamba ya ng'ombe siku ile ya kumpeleka kwa chefu. Alisimama mbele ya wazee akasema ng'ombe hakufika, wala hakuongeza neno. Papa aliinama tu. Tukapoteza kilima na miti yote, mashine ikakosa cha kupasua, na mwaka haukuisha tukamzika Papa kwenye mkeka. Fundi wa mbao, yaya, kwenye mkeka. Wanasema subira huvuta heri. Yangu ilikuwa ikivuta kisasi.

Basi Septemba upepo ukang'oa paa la kapela ya kule kilimani, na katekista wa kapela hiyo ni nani kama si Alphonse. Askofu alitazamiwa Desemba kuwapa watoto kipaimara. Chefu alitoa miti ya paa, mikaratusi ya Papa hiyo hiyo. Wapasuaji wa mkono wangechukua miezi, na wenye mashine mjini hawakuwa na mazuti ya kuziendeshea. Alphonse akasikia habari zangu, akaja Bagira kofia mkononi. Mama alimtolea kiti, nami nikakirudisha ndani. Nilimwambia nitampasulia mbao zote bure, ila kwanza asimame mbele ya chefu na Wakristo wake, mkono juu ya Biblia, aseme ng'ombe alifika. Akasema hawezi. Nikamjibu kwamba basi askofu atawapaka watoto mafuta na mvua itayaosha. Alirudi mara tatu, na sikufichi, kila mara nilikula vizuri jioni ile. Mara ya nne mvua ilikuwa imelowesha altare. Akakubali.

Tuliivuta mashine mpaka Walungu nyuma ya lori la garaji. Alphonse aliapa kando ya msumeno, watu wote wakisikia, kwamba ng'ombe alifika na kwamba mwaka ule alisema uongo. Chefu aliona haya, akaturudishia kilima palepale. Wanawake wakaguna. Padri alimvua Alphonse ukatekista wiki ile ile, na watoto aliowafundisha miaka miwili wakapelekwa mbele ya askofu na mtu mwingine. Yeye alikaa nje kando ya mlango, chini ya ukingo wa paa lake jipya.

Sasa nakuungamia jambo ambalo padri wangu bado hajalisikia. Siku tatu kabla ya kiapo nilimwambia Mama kwamba hatimaye mwongo atatubu. Akaniambia: "Mutoto wangu, ile ngombe haikufikaka." Ni Papa mwenyewe aliyegeuza kamba kwenye soko la Mugogo. Mzungu mmoja alikuwa anaondoka, anauza msumeno wake kwa haraka, ndio mashine hii hii. Papa akauza ng'ombe akaununua, akitumaini kupata ng'ombe mwingine. Hakupata. Alphonse alimwahidi kutosema ng'ombe alikoenda, na hata siku ya kesi hakusema. Alimwachia Papa heshima yake.

Nilijua hayo, yaya, na bado nikamwapisha. Nilikuwa nimemchukia muda mrefu mno, ukweli ukanikuta nimechelewa kugeuka. Alipokwisha kuapa na kuondoa mkono kwenye Biblia aliniuliza kwa sauti ndogo kama Mama ameniambia. Nikasema ndiyo. Akatikisa kichwa, akaniomba nianze mapema kwa sababu paa ni refu.

Chefu anataka tupande miti mipya mbele ya watu ili neno lifungwe. Nimekwenda mara mbili na miche. Mashimo yapo tayari, Alphonse ndiye aliyeyachimba bila kuombwa, na mara zote mbili nilirudi na miche yangu. Nikimrudishia jina lake, lazima nimvue Papa la kwake. Wewe ndiye mwana wa kwanza. Niambie nifanye nini.

Mama anakusalimu na kukuombea. Habari za barua hii hazijui. Wabusu watoto kwa niaba yangu, na Mungu awalinde nyote mpaka tuonane uso kwa uso.

Ni mimi mdogo wako,
Adalbert Bulonza