Ghala la Pamba la Shigela

Jumatatu, 6 Agosti 1956

Ukaguzi wa moto nimeuanzia sokoni Bariadi kama kawaida. Duka la vitambaa: ndoo za mchanga zimejaa, hawana neno. Duka la mafuta ya taa: debe limewekwa kando ya jiko la chai! Nikamkaripia mwenyewe mpaka akalibeba kwa mikono yake. Mama wa maandazi amehamisha mafiga mbali na ukuta wa nyasi. "Mwangaluka, Bwana Moto," ananiamkia huku anacheka. Jina limeshaninata. Basi na linate.

Kisha ghala la pamba la Shigela. Naliacha la mwisho siku zote ili nisiwe na haraka. Ndoo moja ilikuwa na mchanga nusu. Nikafunga ghala mpaka jioni, wakulima wakabaki juani na mizigo yao. Shigela akaijaza ndoo mwenyewe na kuniita bwana mkaguzi. Nilifurahi. Kwa nini nifiche?

Huyu ndiye aliyemuua dada yangu Kabula. Msimu uliopita Kabula alikuwa humo ndani na wanawake wenzake, wanatenga pamba safi na pamba fifi, ile yenye madoa. Shigela alikuwa akifunga mlango wa nyuma kwa kufuli, kwa nje, eti wanawake wanaiba. Moto ulipowaka, wenzake walipenya moshi wakatokea mbele. Kabula alikimbilia mlango wa nyuma. Baraza la mtemi likasema bahati mbaya. Bahati mbaya gani, na ufunguo uko mfukoni mwa mtu?

Alhamisi, 9 Agosti

Mwandishi wa mtemi ameniita. Watu wananung'unika kwamba nalifunga ghala la Shigela ovyo. Akaniuliza kama nimesahau masharti ya kazi.

Sijasahau. Walitaka mtu ajuaye kusoma na kuandika. Mwenye kifua kizima. Asiyegusa pombe saa za kazi. Aliyefundishwa mambo ya moto, na mimi nilifundishwa jeshini, kwenye uwanja wa ndege, wakati wa vita. Mwisho wakataka mtu asiye na ugomvi na yeyote. Hapo nilidanganya bila kupepesa macho. Kazi hii niliiomba kwa ajili ya Shigela tu. Nikimkuta tena amefunga mlango na watu wako ndani, leseni yake ya kununua pamba imekwenda na yeye amekwisha. Ndicho ninachokitaka. Kingine sina.

Jumatano, 15 Agosti

Nimemvizia. Asubuhi nimepita mbele, mchana nimezungukia nyuma. Mlango u wazi. Kila nikija u wazi. Bawaba amezipaka mafuta. Na ananiamkia, na anaulizia afya ya mama. Mshenzi huyu! Ananinyima hata sababu.

Jumamosi, 18 Agosti

Leo nimempata.

Kulitokea ugomvi kwenye mzani. Wakulima wengine wametoka mbali, upande wa Lalago, hawakutaka kurudi na mizigo. Wakaiacha ghalani bila kupimwa, bado imefungwa kwenye kaniki na mablanketi yao, imerundikwa pembeni mpaka karibu na mabati.

Pamba huikagui kwa macho. Nilipenyeza mkono kwenye rundo hadi kwapani. Joto. Si joto la jua, joto la sufuria ya uji. Na unyevu. Nikajua. Watu wetu huinyunyizia pamba maji iwe nzito kwenye mzani, kila mtu anafanya na kila mtu anakana. Pamba mbichi ikirundikwa hivyo inajipika ndani kwa ndani, kimyakimya, halafu siku moja unaona moshi.

Kazi yangu hapo ni kupiga filimbi, kutoa watu, kubomoa rundo na kuuburuta nje mzigo wenye joto.

Nikautoa mkono. Shigela akauliza, "Kuna tatizo, bwana mkaguzi?" Nikasema hakuna. Nikaandika: salama. Kesho Jumapili, ghala halina mtu. Acha liungue mpaka msingi. Acha na yeye akae juani aone.

Jumapili, 19 Agosti

Kanisani. Mahubiri sikuyasikia. Nilikaa dirishani nikitazama upande wa ghala. Hakuna moshi. Mungu anisamehe au asinisamehe, shauri lake. Nilitaka moshi.

Jumatatu, 20 Agosti

Nilitegemea liungue jana. Halikuungua.

Asubuhi nilijiambia mlango u wazi, watatoka. Nikanywa chai. Wanawake wa kutenga pamba wakapita barabarani, wanataniana, mmoja ana mtoto mgongoni. Nikajiambia tena, mlango u wazi. Kikombe nikakiweka chini. Nikatoka mbio kama kichaa, viatu sijafunga.

Nilipiga filimbi mpaka midomo ikafa ganzi. Wakatoka wote, wananilaani kwa kuwapotezea siku. Kisha tukabomoa rundo, mimi na Shigela, bega kwa bega. Jasho lake likanidondokea mkononi. Nikalifuta kwenye suruali. Mzigo wa chini kabisa ulikuwa unafuka. Tukauburuta hadi uwanjani, nikaupasua kwa panga. Ndani mweusi. Ulipopata hewa ukawaka, tukaufukia mchanga.

Blanketi lililoufunga lilikuwa la kijivu, lina mstari mwekundu. Blanketi langu la jeshi. Nilimpa mama niliporudi vitani.

Shigela alilitazama, akanitazama. Analijua. Mama huja nalo kila msimu. Tarishi wa mtemi alipofika kuuliza mzigo ni wa nani, Shigela akalisukumia mchangani kwa mguu. "Nguo imeungua," akasema. "Haijulikani ni ya nani."

Afadhali angenitukana mbele ya watu. Sikumshukuru wala sitamshukuru. Namchukia kuliko jana.

Jumatano, 22 Agosti

Nimekwenda kwa mama. Amekonda sana tangu tumzike Kabula. Nilimkuta uani na kibuyu cha maji, pamba iko mbele yake. Nikamwambia, mayu, usiinyunyizie tena. Hakukana. Akasema marehemu baba alifanya hivyo, na babu wa jirani, na yeye ni nani asifanye.

Nikamweleza habari ya mzigo wa juzi. Mikono ikasimama. Akaweka kibuyu chini, akauliza, "Na wa mwaka jana?"

Mwaka jana alipeleka mzigo siku chache kabla ya ule moto. Aliyeubeba kichwani ni Kabula mwenyewe.

Moto ule ulianzia mzigo gani sijui. Hakuna ajuaye, mizigo yote iliungua. Wala sikuwa mkaguzi wakati ule.

Nikamwambia, "Moto ulitoka kwa Shigela, mayu. Nimechunguza mwenyewe."

Alinitazama usoni kwa muda. Kisha akapumua na kusema, kama ni mimi niliyechunguza, basi. Akanitengea ugali na maziwa ya mgando.

Baada ya kula tulitandika mikeka, tukaanika pamba yote. Tumeigeuzageuza mpaka jua likashuka. Imekauka vizuri.