Kandambili za Kwenye Ngazi

Kibondo, 3 Septemba 2023

Mama Mwatumu,

Shikamoo. Miguu inaendeleaje? Mimi ni mzima, shule niliyohamishiwa kufundisha huku ni nzuri. Simu nilipiga, nikakata kabla hujapokea. Afadhali niandike.

Siku Mzee Pasikali alipoteleza kwenye ngazi akavunjika nyonga, maji yale hayakutoka kwenye ndoo yako ya mihogo unayopandisha kuianika juu ya paa. Ilikuwa zamu yangu ya kudeki. Nilichelewa kazini, nikakimbia bila kuacha kandambili kwenye ngazi ya juu, kama tunavyofanya wote hapo jengoni ili watu wajue pana maji. Kwenye kikao wapangaji wakakutaja wewe, na mimi katibu nikaandika jina lako. Naona aibu, mama.

Mwanao, Winifrida

Kasulu, 20 Septemba 2023

Mwanangu Winifrida,

Marahaba. Miguu inauma, namshukuru Mungu.

Nilijua. Dekio lilining'inia mlangoni kwako likichuruzika. Kikao kizima nilikutazama nikisubiri useme.

Ufunguo wa juu ya paa wamenipokonya, sasa mihogo naanika chumbani na harufu nalala nayo. Hayo nayaweza. Linaloniuma ni Mzee Pasikali. Miaka sita nampelekea uji asubuhi, sasa akinisikia anaagiza mlango ufungwe. Mimi nimekusamehe, lakini si mimi niliyeanguka. Mwambie yeye.

Mama yako

Kibondo, 8 Oktoba 2023

Mama,

Shikamoo. Barua ya kumpelekea nimeandika mara tatu, nimechana zote. Nitakuja mwenyewe Jumamosi hii, nimwambie mbele ya wapangaji wote. Tafadhali usinitangulie kumwambia.

Mwanao

Kasulu, 5 Novemba 2023

Winifrida,

Natumaini u mzima. Jumamosi nne zimepita. Sikumwambia, kwa sababu uliniomba.

Mzee Pasikali tumemzika Alhamisi. Alipozidiwa alitamani uji. Nikapika, nikampa binti yake ampelekee. Akauliza umepikwa na nani. Binti hakumficha. Akageukia ukutani, na kikombe kikarudi kimejaa.

Sina hasira, mwanangu, nimechoka tu. Chumba chako hakijapata mtu na jina lako bado liko ukutani kwenye orodha ya usafi. Zamu yako naifanya mimi. Nikimaliza kudeki, naacha kandambili zangu pale juu, nashuka peku.

Mama yako