Aproni Nyuma ya Mlango

Wanangu,

Maharage yako kwenye friji, yapasheni moto tu. Gesi mfunge vizuri. Mdogo wenu avae sweta, hata akinuna.

Poleni kwa ya asubuhi. Mlipoomba likizo hii turudi kwenye ile nyumba ya kujipikia, niligonga meza nikasema tunakwenda hotelini na mtu asinibishie. Nikasingizia kuchoka kuosha vyombo. Dada, uliondoka hata chai hukuimaliza, nami nikaona haya kukuita.

Ukweli ni huu. Mwaka jana, tukiwa tunafunga mizigo kule, mama yenu aliitundika aproni yake nyuma ya mlango wa jikoni. Akasema, “Iacheni hapo, mwakani nitaikuta.” Mwakani ndio huu, na yeye tumeshamzika. Naogopa kuufungua mlango ule.

~~Basi ni hoteli, nimeshaamua.~~

Dada, mpigie mwenye nyumba, namba yake nimeibandika kwenye friji. Muulize kama aproni bado ipo. Ikiwepo, mwambie tunakuja. Kama wameitupa, usiniambie. Niambie tu nyumba imejaa.

Baba